Namna ya Kuchagua Hedifoni za Mgongo Uliozibwa

Somo la Kumi na Mbili



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya taa za jua, na juu ya kuchagua pasi na jiko la umeme. Leo nataka tuzungumze juu ya chombo kidogo ambacho siku hizi kimeingia katika nyumba nyingi, nacho ni hedifoni. Yaani vile vikombe viwili vya kusikilizia, vilivyounganishwa kwa upinde, ambavyo mtu huvivaa kichwani vikafunika masikio. Ziko za namna nyingi, lakini leo tutashughulika na namna moja tu, zile zilizozibwa mgongo. Tutaziangalia kwa kazi tatu ambazo watu huzinunulia: kufanya kazi nyumbani, kucheza michezo ya kompyuta, na kusikiliza muziki.

Pengine mzee mmoja atasema, "Bwana Mwalimu, haya ni mambo ya vijana. Mimi yanihusu nini?" Yanakuhusu, mzee wangu. Wewe ndiwe unayeombwa fedha za kununua chombo hicho, na masikio yatakayokivaa ni ya mwanao.

Jambo lililonipata

Nianze kwa kueleza jambo lililonipata mimi mwenyewe. Mwezi wa Machi 2020, shule zetu zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona, nilikuwa nimepanga chumba kimoja hapa Dar es Salaam. Kazi yangu ya kuandaa masomo na kukutana na walimu wenzangu ikahamia katika chumba hicho, kwa njia ya kompyuta. Ilikuwa masika. Mvua ikinyesha juu ya bati humsikii mtu aliyekaa mbele yako, sembuse aliye mbali. Mvua ikikatika, jenereta la jirani linaanza.

Nilikuwa na vile vidude vidogo vya bei ya chini vya kutia masikioni. Havikunikaa vizuri, kila mara vilichomoka. Basi nikafanya kama wafanyavyo watu wengi: niliongeza sauti. Mvua ikizidi, naongeza. Jenereta likinguruma, naongeza tena. Nilikaa hivyo saa sita, saba, hata nane kwa siku.

Baada ya majuma matatu hivi, usiku mmoja nilizima kila kitu nikalala, nikasikia mlio mwembamba kama wa nyenje. Nikatoka nje kumtafuta nyenje huyo. Nje kulikuwa kimya. Mlio ulikuwa ndani ya masikio yangu mwenyewe.

Nilikwenda kwa daktari. Alinipima, akaniuliza habari za kazi yangu, kisha akasema, "Mwalimu, mvua haikukuumiza. Umejiumiza kwa kushindana nayo." Nilipopunguza sauti mlio ule nao ulipungua, lakini haukuisha kabisa. Hata leo, chumba kikiwa kimya, nausikia. Hiyo ndiyo sababu ya kulitoa somo hili.

Sikio na sauti kubwa

Kabla ya kwenda dukani, yafaa tujue kile tunachotaka kukilinda. Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kidogo kilichojiviringa kama nyumba ya konokono. Ndani yake mna chembe hai zenye vinyweleo vidogo sana, zipatazo 15,000 hivi katika kila sikio. Sauti ikiingia, vinyweleo hivyo hutikisika, na chembe zile hupeleka habari kwenye ubongo. Sauti kubwa ya muda mrefu huzichosha chembe hizo, na ikizidi huziua. Nywele za kichwani ukizinyoa huota tena. Hizi zikifa haziwezi kuota, na hata sasa hakuna dawa hospitalini ya kuzirudisha.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Shirika la Afya Ulimwenguni limeweka kiasi ambacho mtu mzima aweza kusikiliza bila hofu kubwa: desibeli 80, kwa muda wa saa 40 katika juma. Kwa watoto kiasi hicho ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Sasa sikilizeni vizuri hesabu hii. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda wa kusikiliza yapasa upungue kwa nusu. Kwa hiyo mtu mzima anayesikiliza kwa desibeli 90 ana saa 4 tu kwa juma zima. Anayesikiliza kwa desibeli 100 ana dakika 20 hivi, nazo si za siku moja, ni za juma zima. Shirika hilo hilo limesema kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wamo katika hatari ya kuharibu masikio yao kwa kusikiliza sauti zilizopita kiasi.

Kumbukeni hesabu hiyo, maana mengine yote ya leo yanatoka humo.

Maana ya mgongo uliozibwa

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna kiwambo chembamba. Nyuma ya kiwambo umegandishwa waya mwembamba uliozungushwa, na waya huo umekaa karibu na sumaku. Umeme wa sauti ukipita katika waya, sumaku huuvuta na kuusukuma, na kiwambo hutetemeka kama ngozi ya ngoma.

Sasa fikiri juu ya ngoma. Ngoma ikipigwa, sauti hutoka pande zote mbili za ngozi. Kiwambo cha hedifoni nacho ni vivyo hivyo: sauti moja huelekea mbele, sikioni, nyingine huelekea nyuma. Sauti hii ya nyuma iende wapi? Mafundi wamejibu swali hilo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kuacha mgongo wa kikombe wazi, wenye matundu, ili sauti ya nyuma itoke. Mwaka 1968 kiwanda cha Sennheiser cha Ujerumani kilitoa hedifoni za namna hiyo, jina lake HD 414, nazo zilipendwa sana. Sauti yake huwa ya wasaa, kama mtu anayesikiliza barazani. Lakini mlango uliofunguliwa hauchagui apitaye. Sauti yako hutoka ikamwamsha mtoto, na kelele za nje huingia.

Njia ya pili, ambayo ni ya zamani zaidi, ni kuuziba mgongo wote. Sauti ya nyuma hubaki ndani ya kikombe, na kelele za nje hugonga ukuta. Hizi ndizo tunazozungumzia leo, kwa sababu wengi wetu hatukai katika nyumba za kimya. Tuna bati, tuna watoto, tuna jirani mwenye redio, tuna bodaboda dirishani.

Lakini zifahamu na kasoro zake. Kwanza, joto: katika mji kama Dar es Salaam au Mombasa, baada ya saa moja masikio hutoka jasho. Pili, sauti iliyofungiwa hurudi ikigonga ndani ya kikombe, na kikombe kilichotengenezwa vibaya husikika kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Tatu, humsikii anayekuita, wala chungu kinachofurika jikoni. Ndiyo maana haifai kabisa kuzivaa barabarani, kwa miguu wala kwa baiskeli.

Basi, faida yake kubwa ni nini? Watu wengi hudhani kwamba hedifoni zilizozibwa ni za kumwezesha mtu kufungulia sauti mpaka mwisho bila kuwasumbua wengine. Sivyo. Ni za kumwezesha kupunguza sauti na bado akasikia kila neno. Kama kelele haziingii, huna haja ya kushindana nazo. Kama umenunua hedifoni zilizozibwa na bado unaongeza sauti, ama hazikukai vizuri, ama hujazizoea bado.

Jambo la kwanza: kukaa vizuri kichwani

Kwa hiyo, jambo la kwanza la kutazama dukani si jina la kiwanda, wala taa za rangi, wala picha ya sanduku. Tazama kama mito ya hedifoni inaziba pande zote za sikio lako. Sufuria ambayo kifuniko chake kimekaa upande haihifadhi mvuke, na hedifoni zinazovuja hazizuii kelele. Tena zikivuja, sauti nzito za besi hupotea kwanza, na mwenyewe hudhani chombo ni kibovu, akaongeza sauti.

Jaribu hivi. Vaa hedifoni, weka wimbo wenye besi ya kutosha, kisha vibonyeze vikombe kidogo kwa viganja vyako kuelekea kichwani. Besi ikiongezeka sana ulipobonyeza, ujue mito haizibi. Kama haikubadilika, au imebadilika kidogo tu, zimekukaa.

Tazama tena mambo haya:

Sikio lote liingie ndani ya mto, lisikanyagwe. Mto unaokalia sikio huumiza baada ya nusu saa.

Kama unavaa miwani, jaribu ukiwa umevaa miwani yako. Mkono wa miwani huinua mto ukaacha upenyo. Mito laini na minene huukumbatia mkono huo. Mito migumu haiwezi.

Dada zangu wenye misuko minene, na mama zangu mnaovaa ushungi, jaribuni hivyo hivyo mlivyo. Msikubali mwenye duka akisema, "Utazoea." Kitambaa chembamba hakiharibu sana, bali mkunjo mnene chini ya mto ni upenyo.

Vaa kwa dakika kumi nzima. Upinde ukibana mno, kichwa kitauma. Ukilegea mno, hedifoni zitavuja. Inama, geuza shingo, zungumza. Zisicheze.

Uliza mito imetengenezwa kwa nini. Ngozi ya bandia huziba vizuri, lakini huleta jasho, na katika joto letu hubanduka vipande vipande. Kitambaa chenye manyoya mafupi ni baridi zaidi, lakini huvujisha kidogo. Chagua kwa kuangalia nyumba yako: palipo na kelele nyingi, ngozi, palipo na joto jingi na kelele chache, kitambaa.

Kuzuia kelele kwa betri

Lazima niseme neno juu ya zile hedifoni zenye betri ambazo huitwa za kufuta kelele. Vikombe vilivyozibwa huzuia vizuri sauti nyembamba, lakini sauti nzito, kama mngurumo wa jenereta au wa basi, hupenya. Hedifoni zenye betri zina maikrofoni ndogo zinazosikiliza mngurumo huo, kisha chombo hutoa sauti ya kuupinga, na zote mbili huuana. Kwa mngurumo usiobadilika kazi hiyo hufanyika vizuri sana. Kwa mlango unaobamizwa, au mtoto anayelia, haifui dafu. Mtu anayeishi karibu na jenereta au barabara kuu atapata faida. Anayesumbuliwa na mazungumzo ya sebuleni atumie fedha zake zaidi kwenye mito mizuri.

Kwa kazi ya nyumbani

Sasa tuziangalie kazi zetu tatu. Mtu anayekutana na wenzake kwa kompyuta anahitaji kusikia na kusikika. Kusikika ni kazi ya maikrofoni. Maikrofoni iliyo kwenye mkono mdogo unaofika karibu na mdomo ni bora kuliko iliyofichwa ndani ya kikombe, kwa sababu ya umbali tu: ikiwa karibu na mdomo, sauti yako huishinda kelele ya chumba. Iweke kando ya mdomo, si mbele yake, ili pumzi isiipige.

Kuna jambo jingine linalowashangaza wengi. Ukiziba masikio ukazungumza, sauti yako hunguruma kichwani. Jaribu sasa hivi kwa vidole. Mtu aliyevaa hedifoni zilizozibwa hujisikia vibaya hivyo, na wengine hupiga kelele bila kujua, nyumba nzima ikasikia habari za ofisi. Hedifoni nyingine zina njia ya kukurudishia kidogo sauti yako kutoka kwenye maikrofoni. Hizo ni nzuri. Kama zako hazina njia hiyo, sogeza kikombe kimoja nyuma kidogo unapozungumza, ukirudishe unaposikiliza.

Tena, zile zisizo na waya, za Bluetooth, zina tabia yao. Nyingi zake, ukiwasha maikrofoni yake, sauti unayoisikia hushuka ubora papo hapo, ikawa kama ya simu ya zamani. Hazijaharibika. Njia ile haitoshi kupeleka muziki mzuri huku inaleta sauti yako. Kwa mkutano mrefu, waya ni rafiki mwaminifu zaidi, nao hauishiwi betri.

Kwa michezo ya kompyuta

Wazazi, msicheke. Katika michezo mingi ya siku hizi kijana hutegemea masikio kama macho. Anasikiliza nyayo: adui yuko kushoto au kulia, yuko karibu au mbali? Sikio la kushoto likipata sauti kabla ya la kulia, hata kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, ubongo hujua sauti imetoka kushoto. Kwa hiyo hedifoni yoyote nzuri yenye kushoto na kulia kwa haki yatosha. Kwenye masanduku mengi utaona namba 7.1, kana kwamba ndani mna spika nane. Mara nyingi ndani mna viwambo viwili tu, kimoja kila upande, na kazi iliyobaki inafanywa na programu kwa hesabu. Si uongo wote, lakini usilipe fedha nyingi kwa ajili ya namba.

Besi nyingi mno ni hasara katika michezo. Mlipuko mmoja hufunika nyayo zote, naye kijana huongeza sauti ili azisikie nyayo, na mlipuko unaofuata humpiga sikioni kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo pana hatari, maana kijana huyo hachezi dakika 20. Hucheza saa nne, na kesho tena.

Kwa michezo, Bluetooth ya kawaida haifai sana, kwa kuwa sauti huchelewa. Kuchelewa huko kwaweza kufika kama sehemu moja ya tano ya sekunde, na mchezaji huona risasi kabla ya kuisikia. Tumia waya, au zile zenye kipande chake kidogo cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta.

Kwa muziki

Kwa muziki usisikilize wimbo wa mwenye duka. Yeye ameuchagua kwa sababu unapendezesha bidhaa yake. Nenda na wimbo wako, unaoujua kama ujuavyo njia ya kwenu. Mimi huchukua taarabu ya Unguja yenye kanuni, fidla, besi na mwimbaji. Nasikiliza mambo manne. Je, nyuzi za kanuni nazisikia moja moja, au zimechanganyika? Fidla ni tamu, au inakwaruza? Besi inapiga na kukoma, au inavuma kama upepo ndani ya mtungi? Mwimbaji yuko mbele, au amefunikwa? Hedifoni zilizozibwa ambazo ni mbaya hushindwa hasa katika besi, kwa sababu ya ule mwangwi wa ndani ya kikombe.

Jaribu kwa sauti ya chini. Kila chombo hupendeza kwa dakika mbili kikipigwa kwa nguvu. Kilicho chema hupendeza hata kikinong'ona.

Umeme na plagi

Nina maneno machache ya ufundi. Utaona kwenye sanduku neno omu, kipimo cha jinsi waya wa ndani unavyoukinza umeme. Kwa kawaida, zenye omu 16 hadi 80 hutumika na simu au kompyuta bila taabu kubwa. Zenye omu 250 zaweza kuhitaji mashine ya kukuza sauti. Mfano mzuri ni DT 770 Pro za Beyerdynamic, za mgongo uliozibwa, ambazo zimeuzwa kwa omu 32, kwa omu 80 na kwa omu 250, huku sura zake zikikaribiana sana. Mtu asiyejua huchukua za omu 250, akazichomeka kwenye simu, sauti ikatoka hafifu, akalaumu kiwanda. Soma namba kabla ya kulipa.

Tazama plagi pia. Plagi ndogo ya milimita 3.5 yenye michirizi miwili hupeleka sauti tu. Yenye michirizi mitatu hubeba na maikrofoni. Simu nyingi za siku hizi hazina tundu hilo tena, nazo zataka kipande cha kuunganishia. Nunua siku hiyo hiyo, usije ukafika nyumbani na chombo kisicho na pa kuingia.

Dukani

Ukienda Kariakoo au soko lolote kubwa, utakuta hedifoni zenye majina makubwa kwa bei ndogo ajabu. Jina lililoandikwa kando si ushahidi. Soma herufi za sanduku moja moja, maana waigizaji hukosea herufi. Pima uzito mkononi. Omba ujaribu, asiyekubali ujaribu ana sababu.

Kisha uliza swali ambalo wanunuzi wachache huliuliza: "Mito na waya vikiharibika, naweza kubadilisha?" Mito ndiyo huchakaa kwanza. Sony wana hedifoni zilizozibwa ziitwazo MDR-7506, zilizoanza kuuzwa mwaka 1991, na hata miaka mingi baadaye watu wa studio wameendelea kuzitumia. Sura yake ni ya kawaida kabisa, lakini mito ikichakaa hung'olewa na kuwekwa mipya. Waya wake ndio haung'oki, na huo ukikatika utahitaji fundi wa kuchomelea. Chombo cha bei ya kati kinachotengenezeka ni akiba. Chombo cha bei ya chini kinachotupwa kila baada ya miezi sita ni mkopo usiokwisha.

Kama fedha ni kidogo, zigawe hivi: kwanza kukaa vizuri, pili maikrofoni kama unafanya kazi, tatu uzuri wa sauti. Taa za rangi ziwe mwisho, tena ukizikosa hujapoteza kitu, maana mwenye kuvaa hazioni.

Baada ya kununua

Umenunua, umefika nyumbani. Fanya hivi jioni ya kwanza. Vaa hedifoni bila kuwasha kitu, ukae kimya dakika mbili, masikio yazoee. Kisha anza kwa sauti ndogo kabisa, upandishe polepole mpaka uelewe maneno vizuri, ukomee hapo. Uangalie mstari wa sauti kwenye simu. Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri usipite asilimia 60 ya mwisho wake. Simu nyingi zina mahali pa kufunga kiwango hicho kisipandishwe; kwa simu ya mtoto, kifunge.

Kila baada ya saa moja, vua upumzike dakika kumi. Pangusa jasho kwenye mito kwa kitambaa kikavu. Na ukizivua ukasikia mlio, au sauti za watu zikawa kama zinatoka ndani ya pamba, hiyo ni onyo. Pumzika siku hiyo. Mlio usipokwisha, nenda kwa daktari. Usingoje majuma matatu kama nilivyongoja mimi.

Wasikilizaji, wazee walisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Langu moja limeshaanza safari hiyo kidogo. Yenu bado yanasikia, na ndiyo maana nimesema nanyi leo. Chagueni hedifoni zinazofunga vizuri, kisha punguzeni sauti. Kwaherini.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Eleza tofauti ya mgongo wazi na mgongo uliozibwa, ukitumia mfano wa ngoma.

2. Juma anasikiliza kwa desibeli 83. Kwa hesabu tuliyojifunza, mtu mzima kama yeye ana saa ngapi kwa juma?

3. Mama Asha anavaa miwani na ushungi, naye anafanya kazi nyumbani karibu na barabara kuu. Mshauri hedifoni za kununua, na umweleze sababu.

4. Kila mmoja apime nyumbani kwake: mvua ikinyesha au jenereta likilia, huwa unaongeza sauti mpaka wapi? Leteni majibu juma lijalo.